Kichwa cha treni cha mwaka 1960 kilichostaafishwa mwaka 1965

*Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Voi, kwa sasa nasoma Uingereza. Nikiwa mdogo baba alitupeleka makumbusho ya reli Nairobi, nikapanda juu ya kichwa cha mvuke kinachoitwa Mount Gelai, na tangu hapo napenda vichwa vya mvuke. Mwezi uliopita nilikwenda makumbusho ya reli ya York nikakuta kichwa cha kijani kinachoitwa Evening Star, kimejengwa mwaka 1960. Mtu wa pale akaniambia kiliacha kazi mwaka 1965, na wenzake karibu wote walikatwa chuma chakavu kabla ya mwaka 1968 kuisha. Je, vilikuwa vibovu, au ulikuwa ubadhirifu tu? Na hivyo vichache vilivyopona, mbona sivioni vikivuta watalii kwenye njia kuu kama vingine?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hili la ubovu: havikuwa vibovu hata kidogo. Nimeshika vyuma vya reli tangu ujana wangu, nilianza kwa kuosha boila karakanani, na kwa jinsi ninavyoijua kazi hiyo nasema aina ya 9F, ambayo Evening Star ni mmojawapo, ndiyo kichwa bora cha mizigo ambacho Waingereza waliwahi kujitengenezea. Mashine ilikuwa nzima. Reli iliyoagiza mashine hiyo ndiyo iliyobadili nia, tena mwaka mmoja tu baada ya kichwa cha kwanza kutoka karakanani.

Tuweke hesabu mezani. Vilijengwa vichwa 251, kuanzia nambari 92000 hadi 92250: karakana ya Crewe ilijenga 178 na ya Swindon 73. Cha kwanza kilitoka Crewe Januari 1954. Cha mwisho kutoka, maana nambari hazikufuata mpangilio wa kutoka, ni hicho ulichokiona, nambari 92220, kilichopewa jina lake Swindon mwezi Machi 1960, na baada yake Shirika la Reli la Uingereza halikujenga tena kichwa cha mvuke. Kuviondoa kazini kulianza mwaka 1964 na kukamalizika Juni 1968. Ukipiga hesabu utaona kwamba hakuna hata kimoja kilichotimiza miaka 15, na viko vilivyopelekwa kukatwa vikiwa na umri wa mtoto wa chekechea. Kichwa cha mvuke kikitunzwa hufika miaka 40 bila mtu kushangaa.

Aliyesimamia utengenezaji wake ni mhandisi Robert Riddles. Serikali ilipozitaifisha kampuni za reli Januari 1948, yeye ndiye aliyekabidhiwa mambo ya mitambo. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa ametengenezea jeshi vichwa vya mizigo vya bei nafuu, kikiwemo kimoja cha magurudumu kumi makubwa, na hapo ndipo alipojifunza kwamba magurudumu kumi yanaweza kupita kwenye reli za Uingereza zenye kona nyingi. Watu humlaumu Riddles kwamba aling'ang'ania mvuke wakati Wamarekani walishahamia dizeli. Mimi siwaungi mkono. Uingereza ya miaka ile ilikuwa imekalia makaa ya mawe, lakini mafuta iliyaagiza kutoka nje, tena nchi ikiwa na madeni ya vita na uhaba wa fedha za kigeni. Kichwa cha dizeli kilikuwa ghali mara kadhaa kuliko cha mvuke chenye nguvu sawa. Mpango wake ulikuwa kuendelea na mvuke iliyo rahisi kutunza, kisha polepole kuhamia umeme moja kwa moja, bila kupitia dizeli. Kwa mtu aliyeyatazama mambo mwaka 1948, hiyo ilikuwa hesabu safi.

Sasa nikuonyeshe walichokitengeneza. Mbele kuna magurudumu mawili madogo ya kuongoza, halafu kumi makubwa yaliyofungwa pamoja kwa mikono ya chuma, matano kila upande. Kazi ya kuwa na magurudumu mengi ni kugawa uzito. Kichwa kina tani 88 hivi, lakini kila ekseli inabeba chini ya tani 16, kwa hiyo kinaweza kwenda karibu kila mahali bila kuumiza madaraja, na bado kina uzito wa kutosha kushika reli kisiteleze. Nguvu yake ya kuvuta ni kama tani 18. Magurudumu yana kipenyo cha sentimita 152, ambacho kwa kichwa cha mizigo ni kikubwa. Na hapo ndipo palipokuwa na ugumu: Riddles alitaka tanuru pana linalounguza makaa hata ya hali ya chini, na tanuru pana haliwezi kukaa katikati ya magurudumu makubwa. Wakaamua kulipandisha juu ya magurudumu. Ndiyo maana ukisimama ubavuni mwake unaona boila limeinuliwa juu sana, na mwanga unapenya chini yake kati ya boila na fremu. Mtu asiyejua hudhani kuna kitu kimesahauliwa kufungwa pale.

Siku za mwanzo hazikuwa laini. Vya kwanza kabisa vilipelekwa Newport, kusini mwa Wales, kuvuta madini ya chuma kupanda bonde hadi kiwanda cha Ebbw Vale. Huko madereva walikutana na jambo la kutisha: magurudumu yakiteleza kwa kasi, mpini wa kufungulia mvuke ulikuwa unagoma kurudi. Dereva anavuta kwa mikono miwili, magurudumu yanazunguka kama feni, na mvuke haukatiki. Vali yenyewe ilikuwa kubwa mno na mvuke uliikandamiza mahali pake. Ilibidi wairekebishe, na baada ya hapo malalamiko yakaisha.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la vichwa kumi, nambari 92020 hadi 92029, vilivyojengwa mwaka 1955 kwa mfumo wa Wataliano wawili, Franco na Crosti. Wazo ni zuri ukilisikia. Moshi ukitoka kwenye boila bado una joto jingi linalopotea hewani, basi uurudishe nyuma kupitia pipa la pili lililolala chini ya boila, upashe maji moto kabla hayajaingia. Kwa hiyo bomba la moshi la kawaida pale mbele lilitumika wakati wa kuwasha moto tu. Kichwa kikiwa kazini, moshi ulitokea ubavuni, karibu na kibanda cha dereva. Sasa mfikirie dereva na fayamani wake, yule anayetia makaa kwenye tanuru, upepo ukivuma kutoka upande huo, wanakula moshi safari nzima. Na si hilo tu. Makaa yana salfa. Moshi wa moto sana hupita na salfa yake bila madhara makubwa, lakini ukishaupoza ndani ya lile pipa, unyevu unaganda, unachanganyika na salfa, inakuwa tindikali. Tindikali ikaanza kula chuma. Yaani kadiri mfumo ulivyofanya kazi yake ya kuondoa joto kwenye moshi, ndivyo ulivyojiharibu. Makaa yaliyookolewa hayakulipia matengenezo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 mapipa yote yalikuwa yamezibwa, vichwa vikabaki kufanya kazi kama vya kawaida, vikiwa na nguvu pungufu kidogo kuliko ndugu zao.

Vitatu vingine vilifungiwa mashine ya kupakia makaa badala ya koleo la fayamani. Navyo baada ya miaka michache vilivuliwa. Na kimoja, nambari 92250, kilifungwa bomba la moshi bapa lililobuniwa na Giesl-Gieslingen wa Austria, linalovuta moshi vizuri zaidi kwa mvuke kidogo. Hilo nakutajia kwa sababu unalifahamu bila kujua. Waingereza walilijaribu kwa kusitasita, lakini reli yetu ya Afrika Mashariki ililipenda na kulifunga kwenye vichwa vyake vingi. Ukirudi Nairobi angalia juu ya Mount Gelai: lile bomba jembamba refu kama ubao uliosimamishwa ndilo hilo.

Ukiacha hivyo vya majaribio, vilivyobaki vilifanya kazi ya kupigiwa mfano. Kazi ninayoipenda kuisimulia ni ya madini ya chuma kutoka bandari ya Tyne Dock kupanda hadi kiwanda cha Consett, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Mlima ule mahali pengine unapanda mita 1 kwa kila mita 35, na kwa treni huo ni ukuta. Vichwa kumi vilitengwa kwa kazi hiyo, vikafungiwa pampu za hewa ubavuni, kwa sababu mabehewa yalikuwa na milango ya chini iliyofunguliwa kwa hewa. Kichwa kimoja kinavuta mbele, kingine kinasukuma nyuma, vyote viwili vimefunguliwa hadi mwisho, vinapanda kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Wakifika juu, hewa inafungua milango, na madini yote yanamwagika kwa mpigo. Kazi hiyo iliendelea kwa mvuke hadi Novemba 1966.

Cha kushangaza, kichwa hiki cha mizigo kilikuwa pia na mbio. Mwaka 1958 nambari 92184 kilipewa treni ya abiria, na kwenye mteremko wa Stoke kikapimwa kikienda maili 90 kwa saa, yaani kilomita 145. Kwa magurudumu ya ukubwa ule, maana yake yalikuwa yanazunguka zaidi ya mara nane kila sekunde, na ile mikono yote ya chuma ikipanda na kushuka nayo. Wakubwa waliposikia walipiga marufuku, na walikuwa na haki. Lakini kwenye njia ya milima kati ya Bath na Bournemouth viliruhusiwa kuvuta abiria wakati wa kiangazi, Evening Star kikiwamo, kwa sababu viliweza kupanda vilima vya Mendip peke yake mahali ambapo zamani palihitaji vichwa viwili. Kiangazi tu, kwa kuwa havikuwa na bomba la kupeleka mvuke wa kupashia joto mabehewa.

Basi nini kiliviua?

Januari 1955, mwaka mmoja kamili baada ya 92000 kuwashwa, ulitangazwa mpango wa kuifanya reli kuwa ya kisasa, wa pauni milioni 1,240, uliosema mvuke uondoke na nafasi yake ichukuliwe na dizeli na umeme. Riddles alikuwa ameshastaafu mwaka 1953. Oda za vichwa vya mvuke hazikufutwa. Ziliendelea miaka mitano zaidi, kwa sababu karakana zilikuwa na wafanyakazi wa kulisha na dizeli za kutosha hazikuwepo. Hapo ndipo ninapoona kosa, kama unataka neno ubadhirifu. Kujenga mwaka 1954 lilikuwa jambo la akili. Kuendelea kujenga mwaka 1958, huku umeshatangaza kwamba utaving'oa, ni kununua shamba ambalo umeshaamua kulihama. Na upande wa pili nako haraka ilizidi: aina nyingi za dizeli zilinunuliwa kabla ya kujaribiwa vya kutosha, na baadhi yake zilikwenda chuma chakavu mapema kama hizo 9F zilizokuja kuziondoa.

Halafu mizigo yenyewe ilikuwa inakimbia. Malori yalichukua vifurushi na bidhaa ndogo, makaa yakapungua kadiri nyumba na viwanda vilivyohamia mafuta na gesi, na mwaka 1963 ripoti ya Beeching, mkuu wa shirika la reli, ikapendekeza kufunga njia nyingi. Hata ile njia ya Bath na Bournemouth ilifungwa Machi 1966.

Lakini liko jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka, na mimi kama mtu wa karakana naliona ni la msingi: breki. Sehemu kubwa ya mabehewa ya mizigo ya Uingereza miaka hiyo hayakuwa na breki zinazofanya kazi kutoka kwenye kichwa. Yalikuwa yamefungwa kwa mnyororo wa pingili tatu, yanagongana bafa kwa bafa, na treni nzima ya makaa ilizuiwa na breki ya kichwa chenyewe na ya behewa la gadi kule mwisho. Kabla ya mteremko mkali treni inasimama, gadi anashuka na fimbo yake, anatembea pembeni akibana breki za mkono behewa moja baada ya jingine. Wakifika chini, wanasimama tena azifungue. Sasa una kichwa chenye uwezo wa kukimbiza mizigo, na nyuma yake una mabehewa ya zama za babu zake. Pale ambapo njia na ratiba zilipangwa vizuri, kama treni za makaa kati ya Annesley na Woodford zilizokwenda na kurudi kwa haraka, 9F zilionyesha walichokusudia wabunifu. Kwingineko nguvu yake ililala bure.

Na watu nao walichoka. Asubuhi ya kichwa cha mvuke inaanza kwa mtu kuingia shimoni chini ya mashine ya moto, akakokota majivu na mawe yaliyoungua, vumbi la salfa likimwingia puani. Niliifanya kazi hiyo kwa mwaka mmoja tu na bado harufu yake naikumbuka. Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa na ajira za viwandani, safi zaidi na zenye mshahara mzuri. Vijana wakaacha kuja. Karakana zikakosa mikono, vichwa vikawa vichafu na matengenezo yakaahirishwa. Eneo la magharibi lilijitangazia kumaliza mvuke mwishoni mwa mwaka 1965. Depo ikifungwa, vichwa vyake vizima vinahamishwa au vinauzwa kwa kilo. Mwisho kabisa, Juni 1968, nambari 92167 kilikuwa bado kinafanya kazi kaskazini magharibi huku mikono ya magurudumu ya nyuma imevuliwa, kinavuta kwa magurudumu manane badala ya kumi, maana hakuna aliyeona sababu ya kukitengeneza.

Umenitajia Mount Gelai, basi linganisha. Vichwa vile 34 vyenye majina ya milima yetu (Gelai wenyewe uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron) vilijengwa na Beyer Peacock wa Manchester na kuletwa mwaka 1955 na 1956, yaani ni rika moja kabisa na 9F. Vilipita kwenye geji (upana wa njia) ya mita moja, vikiwa na zaidi ya tani 250 na nguvu ya kuvuta ya karibu tani 38, zaidi ya mara mbili ya 9F. Vilipanda kutoka Mombasa usawa wa bahari hadi Nairobi na treni za tani 1,200, vikichoma mafuta. Dizeli kubwa za kwanza zilifika kwetu mwaka 1960, lakini hazikuja kwa kishindo. Mvuke na dizeli vikagawana kazi, na hivi vya milima viliendelea hadi mwaka 1980 hivi. Miaka 25 kwa vile vilivyodumu zaidi. Waliovijenga na waliojenga 9F walisoma vitabu vilevile. Tofauti ni kwamba kwetu kila kichwa kilihesabiwa kwa kazi iliyokuwepo asubuhi ile.

Sasa vilivyopona. Viko tisa. Evening Star kiliwekwa akiba tangu siku kilipopewa jina. Saba viliokolewa kutoka uwanja wa chuma chakavu wa mfanyabiashara Woodham huko Barry, Wales, ambaye kwa bahati alishughulika zaidi kukata mabehewa na kuviacha vichwa vikipata kutu kwa miaka. Cha tisa, nambari 92203, kina hadithi inayogusa pwani yetu. Kilinunuliwa mwaka 1967 na mchoraji David Shepherd, yule wa picha za tembo, kwa fedha alizopata kwenye maonyesho ya picha zake Marekani. Shepherd alikuja Kenya akiwa kijana mwaka 1949 akitaka kuwa askari wa wanyamapori, akakataliwa, akaishia kufanya kazi hotelini Malindi na kuchora ndege ili apate nauli ya kurudi kwao. Ni tembo wa Afrika Mashariki waliomtajirisha hadi akaweza kununua kichwa cha treni. Alikiita Black Prince, na mwaka 1982, kikiwa kwenye machimbo ya mawe ya Merehead, kilivuta treni ya zaidi ya tani 2,100, rekodi ya kichwa cha mvuke Uingereza.

Limebaki swali lako la mwisho, na jibu lake unaweza kulishika kwa mkono. Ukirudi York, chuchumaa ubavuni mwa Evening Star, uhesabu magurudumu makubwa hadi la tatu, la katikati. Yote mengine yana ukingo kwa ndani, ule mdomo wa chuma unaoshuka pembeni mwa reli na kulizuia gurudumu lisitoke. La katikati halina. Magurudumu matano yaliyopangwa kwenye mstari mmoja ulionyooka hayawezi kuifuata kona kali yakiwa yote na ukingo; yatakwama. Kwa hiyo la katikati waliliacha bapa, lenye uso mpana, liteleze juu ya reli kushoto na kulia kadiri kona inavyotaka. Miaka ile halikuleta shida, na hata katika miaka ya 1980 Evening Star kilivuta watalii kwenye njia kuu. Lakini pointi za kisasa, pale njia mbili zinapokutana, zina reli za kulindia zilizoinuliwa juu kuliko reli yenyewe. Ukingo wa kawaida unapita kando yake vizuri. Gurudumu bapa likisogea pembeni linaweza kuikanyaga ile reli ya kulindia na kukiinua kichwa. Kwa sababu hiyo vimezuiwa njia kuu, na ukitaka kukiona kimoja kikiwa na moto tumboni, nenda kwenye zile njia fupi zinazoendeshwa na wapenzi wa reli, ambako pointi bado ni za zamani.